Maji ya Chini

Kaka mpendwa,

Sote tu wazima. Paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya kabati la sahani.

Tangu matangi ya kituo cha mafuta cha jirani yaanze kuvuja ardhini, fundi huja kila mwezi kupima maji uani kwetu. Amezamisha bomba la plastiki ardhini karibu na kisima, hadi kwenye maji. Huteremsha kichupa kwa kamba, akakivuta polepole, nasi tunanyamaza kana kwamba kuna mtoto aliyelala. Juu ya maji huelea rangi za upinde wa mvua. Nzuri, mpaka unasahau ni petroli.

Petroli ikizidi, kisima kitafukiwa. Mama hataki kusikia. Marehemu baba alikichimba kwa mikono yake.

Alfajiri ya leo nilimkuta Mama akimimina maji safi bombani, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa.

“Mama, unafanya nini?”

“Nalisuuza. Mgeni hapewi kikombe kichafu.”

Fundi alipofika, kwanza aliyatoa maji yote yaliyolala bombani, akayamwaga, akangoja mengine yapande kutoka ardhini. Ndiyo kazi yao ilivyo.

“Mama yangu,” akasema bila kumtazama, “yako yalikuwa matamu. Mimi napima ya chini.”

Petroli imezidi. Kisima kinafukiwa Jumatatu. Jioni hii Mama amechota ndoo baada ya ndoo, akazipanga chumbani mwako na kufunga mlango. Anasema utafika na kiu.

Usiyanywe, Kaka. Lakini njoo.

Ni mimi, kitindamimba.