Hatuimbi, Tunasoma

Jumatatu, 1 Septemba
Mazoezi baada ya alasiri, kama kawaida. Wasichana kumi na mmoja. Wawili wamechelewa, mmoja kasahau mtandio, nimemfunga kitenge changu. Vumbi la mtaa wetu wa Katuba limeingia mpaka kwenye kurasa za vitabu. Bibi Mwamvua juu ya mkeka na dufu lake. Ana miaka themanini na kitu, macho yamekwisha, vidole bado vipo. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu: kutawadha, herufi, hata hiki Kiswahili cha darasani ninachoandikia. Ukisema mbele yake "tuimbe", unapigwa na ncha ya ufagio. Kaswida haiimbwi. Kaswida inasomwa.

Tunaandaa Maulidi. Kaswida mpya, maneno nimetunga mimi. Wasichana wanaipenda kupita kiasi. Mama wa mmoja wao aliuliza mahadhi yake yametoka wapi. Nikasema ni ya Bibi Mwamvua, ya zamani, ya kwao Kasenga. Ulimi hauna mfupa.

Jumatano, 3 Septemba
Ustaz Yusufu alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho. Mwalimu mpya, kijana, karudi mwaka huu kutoka masomoni ng'ambo. Si mtu mbaya. Anawainamia wazee kuwavalisha viatu. Lakini hakupenda. Alituambia wanazuoni wengi wamekataza ala za muziki, na dufu limeachiwa harusi na Idi tu. Bibi akamjibu kwamba hapa hatuimbi, tunasoma. Ustaz akatabasamu.

"Bibi, muntu anasomaka gazeti, lakini hapigake dufu."

Wasichana wakacheka. Na mimi nikacheka. Nimecheka mbele ya Bibi Mwamvua, mimi.

Tulipokuwa tunakunja mkeka akanishika mkono. Akasema yale mahadhi ameyakumbuka sasa. Bibi yake alikuwa akiyavumisha puani akitwanga muhogo. Uso wake ulikuwa wa mtoto. Nikaitikia ndiyo, Bibi, ndiyo hayo.

Ijumaa, 5 Septemba
Niandike hapa, maana mahali pengine siwezi. Mahadhi si ya Kasenga. Ni wimbo wa matoleo. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikuwa Georgette, soprano, safu ya mbele, kwaya ya parokia. Mama yangu akipita katikati na kikapu cha unga kichwani, sisi tukiimba ule.

Niliposilimu niliacha vyote. Nguruwe, rozari, jina. Wimbo haukutoka. Mwezi wa saba nikiwa nasonga bukari, ugali wetu, ukaja wenyewe, na salamu za Mtume zikakaa ndani yake kana kwamba zilizaliwa humo. Nililia kwa raha, mwiko mkononi. Sasa naona haya hata ya ile raha.

Miaka thelathini na moja Mwislamu. Bado naogopa waseme: yule ni wa kuja, kanisa halijamtoka. Ndiyo sababu nilisema Kasenga. Woga tu, hakuna kingine.

Jumamosi, 13 Septemba
Maulidi. Ua umejaa, pilau imetosha, courant ya umeme haikukatika. Ningependa niishie hapo.

Nilikuwa nimemwalika Mama Furaha, jirani yangu, Mkristo wa Kivu ya Kaskazini, anauza maharagwe kwa jumla. Alikuja kwa heshima, kajitanda vizuri kuliko wasichana wetu. Kaswida yangu ilipoanza akafumba macho. Ubeti wa pili akaanza na yeye. Sauti ya pili, ile ya chini, na maneno ya kwao, maneno ya matoleo. Hakuwa na ubaya wowote. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Wasichana wakanyamaza mmoja mmoja. Akabaki yeye peke yake. Akafungua macho.

"Kumbe hata ninyi muko nao huu? Sisi tunauimbaka ku matoleo."

Akina mama wote wakamgeukia Bibi Mwamvua. Upande wa wanaume nao wamesikia, kipaza sauti kilikuwa wazi. Bibi akasema kwa sauti kavu kwamba ni wa bibi yake, wa Kasenga, hata kanisa lilikuwa halijafika. Kuna aliyeguna. Mimi nilikuwa natazama sufuria. Nilikoroga pilau iliyokwisha kuiva.

Jumapili, 14 Septemba
Mama Furaha kaja kuomba msamaha baada ya misa. Anadhani yeye ndiye kakosa. Na mimi nimemsamehe. Mwanamke gani mimi.

Jumatano, 17 Septemba
Kamati ya msikiti imekaa. Ustaz hakupandisha sauti. Alisema ndiyo maana wanazuoni huziba mlango mapema: leo mahadhi, kesho maneno. Alisema kuuita wimbo kisomo hakuubadilishi, mbwa ukimwita mbuzi hachinjwi. Mzee mmoja akataja watu wa Madina, walivyompokea Mtume kwa mashairi. Ustaz akajibu kwamba hapo wanazuoni wamehitilafiana, na hata anayeruhusu hataruhusu wimbo wa kanisa. Bibi Mwamvua kaulizwa mara tatu. Mara tatu kajibu ni wa bibi yake. Basi kaondolewa kufundisha, na dufu libaki ofisini.

Mimi ndiye mwandishi wa kamati. Niliandika: *Bibi Mwamvua amekiri kwamba mahadhi aliyaleta yeye.* Mwandiko mzuri, ule alionifundisha mwenyewe, kiganja chake juu ya changu. Sikukosea herufi hata moja.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimekwenda kwake. Nimepiga magoti, nimemwambia yote: kwaya, kikapu, bukari. Alinisikiliza akichambua mchicha. Hakukasirika. Alisema mimi nina huruma nyingi, nataka kubeba mzigo wake. Hakuniamini! Anamsikia bibi yake akitwanga, anasema, kila akilala.

Nimerudi kwa miguu. Nikisema ukweli mbele ya watu, namnyang'anya bibi yake anayetwanga. Nikinyamaza, anakufa na jina la mtu aliyeleta kanisa msikitini. Hivi vyote viwili nimevipika mimi.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimesema. Baada ya sala, mbele ya kamati, Bibi kakaa palepale. Nimesema Georgette.

Ustaz hakunitukana. Aliuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Nikamwambia niliogopa kuonekana wa kuja. Akatazama chini. Mzee yule aliyetaja Madina alilia, sijui alilia nini.

Nimeondolewa kwa wasichana na kwenye uandishi. Haki yao. Bibi karudishiwa darasa na jina lake. Dufu bado, mpaka wakubaliane, na hawatakubaliana upesi. Tulipotoka Bibi hakunishika mkono. Alishika ukuta.

Jumatano, 24 Septemba
Joto. Nasikia wasichana wanasoma bila dufu, kaswida za zamani tu. Sipiti njia ile. Nanunua makala, mkaa wa kupikia, upande wa pili, nazunguka barabara mbili, mtu mzima mimi.

Jumapili, 28 Septemba
Bibi ameniita. Nimemkuta uani na ungo wa karanga. Hakunisamehe wala hakunifukuza. Alinisogezea kigoda. Tulimenya muda mrefu, yeye kwa vidole, mimi kwa macho.

Halafu akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza ufunguo alipouweka:

"Sasa ile ya bibi yangu ilikuwa ipi?"

Kwamba bibi yake alikuwa nayo, anajua. Alikuwa akivumisha kitu akitwanga. Lakini kila akitega sikio inakuja hii yangu, inakaa mbele, nyingine haipiti.

Nikamwambia sijui, Bibi. Akasema haya. Tukaendelea na karanga mpaka ungo ukaisha.