Mama, Kobia wa Maua Amenieleza

Mama,

Nimerudi kutoka Maua na sijui nikusalimu kwanza au nikugombeze kwanza. Ungekuwa hai ungeniambia nivue viatu, ninywe chai, kwamba hasira haiendi popote. Basi chai nimekunywa, na hasira bado ninayo.

Hapa Karurumo mambo yamebadilika tangu tukuzike. Udongo wa kaburi lako haujakauka, Baba Mdogo Njeru akaja na wazee wa ukoo. Alisema ndugu yake alikufa zamani huko Urusi, na kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume, shamba la kahawa lirudi kwake. Nilisimama, Mama. Niliapa mbele ya wazee wote kwamba Baba yu hai na kwamba nitaleta shahidi aliyemwona. Niliapa bila kutetemeka kwa sababu hivyo ndivyo ulivyonilea.

Tangu utotoni nilijua habari moja tu ya Baba: alikuwa afisa mdogo katika ubalozi wetu Moscow, jioni moja akatoka kwenda kumwona mwanafunzi mgonjwa, na hakurudi. Wakubwa wa huku na wa kule wote wakasema hawajui. Mengine tuliyaokota wenyewe, wewe na mimi. Yule padri mzungu wa misheni, aliyefungwa kule kabla ya kuletwa kwetu, ndiye aliyetuambia kwamba kambini aliona mtu mweusi akivuta magogo kwenye theluji huku akiimba wimbo wa kanisa kwa lugha ya ajabu. Ulimwomba atuimbie alivyousikia. Aliimba vibaya, maskini, lakini wimbo tuliutambua, nawe ukanishika mkono mpaka nikaumia. Baadaye fundi mmoja aliyesomea huko akasema amesikia kwamba kambi fulani ya kaskazini ina Mwafrika wanayemwita "mtu wa ubalozi." Nilibandika ramani ya Urusi ukutani, juu ya kitanda changu. Wasichana wenzangu walibandika picha za waimbaji.

Halafu akaja Kobia wa Maua, aliyekuwa amefungwa kambi moja na Baba. Siku hiyo ulinituma Runyenjes kununua sukari, na sukari ilikuwepo nyumbani. Niliporudi mgeni alikuwa ameshaondoka na wewe umevimba macho. Ukaniambia ni machozi ya furaha. Baba ameonekana! Yu hai, wamemtoa kwenye magogo wakamweka jikoni, anamenya viazi. Mama, tulicheka. Baba asiyejua hata kuwasha moto, eti anapikia wafungwa! Tulicheka mpaka ukaegemea mlango. Nikataka kumfuata Kobia nimuulize zaidi, ukanikataza, ukasema anaogopa serikali, tusimletee balaa. Siku hizo nani hakuiogopa serikali? Nikaacha kumfuata.

Sasa Urusi ile imevunjika, na huku kwetu vyama ni vingi, watu wanasema wanachotaka. Nikasema nitakwenda Maua nimlete Kobia kwa wazee. Nilimkuta sokoni akifunga miraa kwa majani ya mgomba, mzee sasa, meno yamebaki machache. Nilipojitaja, mwalimu Wawira binti Nyaga kutoka Karurumo, akaacha kazi.

"Mwalimu, kwani mama yako hakukuambia? Mimi nilikuja mpaka kwenu. Nyaga alikufa. Ile kifua ilimmaliza hapo kambini, nikiwa nimemshika."

Nikamwambia hapana, Baba anamenya viazi. Nilisema hivyo kweli, mtu mzima kama mimi. Kobia akaniangalia kwa huruma.

"Hiyo ya viazi mimi siijui. Alinipatia maneno, nikayaleta. Alisema, mwambie asiningoje. Na siku ya kumwoza mtoto, Njeru asimame mahali pangu."

Njeru, Mama. Baba mwenyewe alimtaja Njeru.

Mugendi alipotuma wazee wake kuniposa, Kobia akiwa ameshakuja na kuondoka, uliwauliza mbuzi wa mahari watapokelewa na nani hali mwenye binti yuko safarini. Wakarudi tena, ukawaambia hivyo hivyo. Mugendi alinipenda, lakini mtu hawezi kumngoja mkwe aliye kwenye theluji maisha yake yote. Akaoa kwingine. Usiku huo nililala nikiitazama ramani, nikimlaumu Stalin, ambaye hata hivyo alikuwa ameshakufa, na Warusi wote pamoja naye. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Najua kwa nini. Anayepokea mbuzi wa binti ndiye baba wa boma. Njeru angesimama siku moja tu, angekaa siku zote: kwenye kahawa, na kwako pia, kwa sababu mjane hurithiwa. Mke wa mtu aliyepotea bado ni mke wa mtu. Nakumbuka Njeru alivyokuwa akija jioni na kuagiza chakula kama mwenye nyumba, na wewe ukimjibu, "Ngoja ndugu yako arudi, nitamwambia umekula vizuri." Nilikuona jasiri. Hata leo nakuona jasiri. Lakini ulijilinda kwa kunitumia mimi, na hukuniambia hata nilipokuwa mtu mzima, hata ulipokuwa kitandani na mimi ndiye ninayekulisha uji.

Jumamosi nitarudi kwa wazee niwaombe waniondolee kiapo changu. Nitawaambia Baba alikufa. Baba Mdogo nitampa maneno yake yote: ndugu yake alimtaka asimame siku ya harusi, hakumwambia achukue kahawa. Nitalipigania shamba kwa jina langu, kama binti wa marehemu. Labda nitashindwa. Angalau nitakuwa nimesema la kweli.

Lakini kuna jambo moja linaloninyima usingizi kuliko Mugendi na kuliko shamba. Wewe hukukosa kanisa hata siku moja. Miaka yote hii tulipiga magoti pamoja tukimwomba Mungu amrudishe Baba, na wewe ukijua alichohitaji ni kuombewa apumzike. Hakuombewa na mtu yeyote. Mke wake alijua, akaniacha nimwombee safari njema.

Nimeshazungumza na padri. Jumapili Baba ataombewa misa ya wafu, na jina litakalosomwa ni lake peke yake. Lako nimekataa lisomwe. Nisamehe, sitaweza kuwaombea wote wawili kwa pumzi moja.

Kwaheri, Mama. Misa yako nitaiomba hasira ikinitoka. Nakuahidi nitaiacha initoke.

Binti yako,
Wawira