Kizingiti cha Nyumba ya Mama

Alhamisi, Agosti 1974

Na bado nina hasira naye, huyu Simba, kitoto cha mbwa kisichosikia. Tangu tuhamie kijiji cha Ujamaa amesahau adabu zote. Leo kaingia jikoni mbio, uji wa moto ukamwagika, nusura umbabue. Nikampigia kelele, akatoroka.

"Si umfunge kamba tu," mume wangu akasema.

Sitaki. Kule kwetu hakufungwa. Nilimfundisha kama marehemu mama alivyowafundisha mbwa wake wote: unaweka tonge la ugali kizingitini, unamzuia kwa mkono mpaka atulie. Moto ukiwaka ndani, mbwa hapiti. Ukishafukiwa majivu, mama anasema, "Haya, karibu," kama anamwambia mgeni.

Nyumba hii mpya haina kizingiti. Atajuaje pa kuishia?

Nilimtafuta mpaka jioni, nikamkuta kule kwenye nyumba ya mama tuliyoihama. Paa tulishaling'oa, kuta zimeanza kumeguka. Simba ameketi nje, pale palipokuwa na mlango, ametulia kabisa, macho ndani.

Nikamwita, hakugeuka. Ndipo nikakumbuka.

"Haya, karibu."

Akaingia taratibu, akanusa mafiga, akajilaza palepale alipozoea kulala.

Ilinipasa nimbebe turudi, giza lilikuwa linaingia. Lakini miguu ilikataa. Nilisimama nje ya kizingiti, na mimi nangoja mama anikaribishe.