Sindano ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Gauni la bibi harusi limenitoa jasho. Pindo lote kwa mkono! Jioni nimehesabu sindano kama kawaida yangu — kumi na moja. Nikarudia. Kumi na moja. Ya kumi na mbili najua nilipoiacha: kwenye mkono wa kochi, na uzi wake, simu ilipoita. Nimepekua kochi, zulia, hadi ndani ya viatu. Uzi nao haupo. Mama mkwe akauliza natafuta nini. Nikasema kifungo. Kwa nini nidanganye? Basi tu. Yeye ndiye hunisifu kwa watu kwamba sipotezi sindano.

Jumanne, 5 Machi

Bwana Mkubwa hajala. Ni paka wa marehemu baba mkwe, na tangu tumzike mzee, mama mkwe haongei na sisi kama zamani, anaongea na paka. Humpa habari asubuhi nzima — nani kapita, mvua itanyesha au la. Leo kambembeleza kwa samaki, kipande kwa kipande, kageuza uso. Nikasema ni joto. Mume wangu naye: anaringa tu huyo. Nikashukuru kimoyomoyo. Aibu gani hii!

Nimenunua sindano mpya nikaichomeka pamoja na zile kumi na moja. Zimetimia.

Jumatano, 6 Machi

Paka katapika mara tatu. Povu tupu.

Cherehani inakwenda, mimi sipo. Labda sindano iliangukia nje. Labda najitia wasiwasi bure. Mtu mzima na akili zangu, najidanganya mchana kweupe! Wala siyo sindano ninayoiogopa. Paka akifa, yule mama ataongea na nani?

Alhamisi, 7 Machi

Tuko kwa daktari wa mifugo. Naandika kwenye benchi.

Asubuhi Mama alimfungua paka mdomo, akaona uzi mweupe umezunguka chini ya ulimi. Akaushika auvute. Nikapiga kelele — usivute! Mimi, kumfokea mama mkwe! Akauachia, akanitazama sana.

Daktari anasema tumeponea chupuchupu, tungeuvuta ungemkata utumbo. Uzi umenasa ulimini, ncha ya pili imeshuka tumboni, na utumbo unajikunja juu yake. Hakuwa na haja ya kunieleza zaidi. Kila siku navuta uzi mmoja, kitambaa kizima kinajikusanya marinda. Lazima ampasue, tena sasa hivi. Akauliza: uzi ulikuwa na sindano?

Mama akanitangulia kujibu. Hapana daktari, mwanangu huyu ni fundi, sindano zake huzihesabu kila jioni. Akayasema kwa fahari, mkono wake begani kwangu.

Nikasema ilikuwepo. Nikasema najua tangu Jumatatu.

Mkono ukaondoka begani. Daktari kamchukua paka mbio. Mama kabeba mkoba wake, kahamia benchi la dirishani.

Baadaye muuguzi kaja na karatasi ya idhini, kauliza nani atatia sahihi. Miaka kumi na sita yule mama hajaniita ila "mwanangu". Akajibu bila kugeuka: "Muulize huyo, mke wa mwanangu."

Nimetia sahihi. Mlango wa chumba cha upasuaji umefungwa tena, kimya ndani. Mama anatazama nje, na mabega yake yanacheza — analia. Kutoka benchi langu hadi lake ni hatua nne. Nimeinuka mara mbili, nimekaa mara mbili.