Kifaa cha Ramani cha Gari la Baba

Jumamosi, tarehe 12 Julai. Asubuhi baridi, manyunyu tangu alfajiri, matope hadi mlangoni.

Baba,

Leo nimelinunulia gari lako kifaa cha ramani. Najua ungesema nini. "Ramani ni mimi." Ulisema hivyo miaka yote ya teksi, na ulikuwa sawa, lakini ramani yenyewe umeondoka nayo. Wateja wako sasa ni wangu. Wiki iliyopita nilimzungusha yule mwalimu wa Lavington dakika arobaini nikitafuta geti moja. Akaniambia, "Babako hangenitesa hivi." Simu yangu ikipata moto huzima, na bando la intaneti huisha katikati ya safari. Ndiyo maana nikataka kifaa chenye ramani yake ndani.

Huu ni mwezi wa tatu tangu ufie hapa nyumbani, Makina, kwenye chumba cha mbele, ukingoja ambulensi. Jumatatu mimi na Mama tumeitwa ofisini kwa kampuni ya ambulensi tutie sahihi malalamiko dhidi ya dereva wao. Niliyaandika mimi, kwa mwandiko ule uliokuwa ukiusifu: alipotea, alichelewa, alizembea. Tukitia sahihi, anafutwa kazi.

Sasa nikueleze ya leo. Nilienda kituo cha Kawangware 56 kwa Njoro, fundi wa redio za gari.

"Niaje madam! Hii ndiyo mpango. Inchi saba, inaongea, inakupeleka mpaka Kampala."

"Sina safari ya Kampala."

"Basi inakupeleka kwa mama mkwe bila kupotea."

"Sina mume."

"Hata huyo itakutafutia." Akacheka peke yake.

Nilikuwa nimeandika maswali yangu kwenye shajara. Inafanya kazi bila bando? Ramani mpya ni za bure au za kulipia? Inachajiwa kwenye tundu la kiberiti cha gari? Sauti inasikika injini ikinguruma? Njoro alijibu matatu, akachoka. "Madam, umekuja kununua ama kunihoji?" Lakini alikubali nijaribu vifaa vitatu barabarani, mradi akae kando yangu kulinda mali yake.

Vyote vitatu niliviwekea mwisho mmoja wa safari: lokesheni ya nyumba yetu niliyomtumia dereva wa ambulensi siku ile. Bado iko kwenye simu. Sijaweza kuifuta.

Kile kikubwa kilitupeleka hadi mtaa wa Olympic, kikaniamuru nikate kulia, na kulia kulikuwa na ukuta wa mawe. Kikatangaza kwa Kiingereza cha kizungu kwamba tumefika. Cha pili kilitupeleka ukutani vilevile. Cha tatu, kidogo, cha bei ya chini kuliko vyote, kilitufikisha lami inapoishia kikanyamaza. Mbele ya barabara kilionyesha weupe mtupu.

"Hicho ni cha kitambo," Njoro alisema, kama anayeona haya. "Huko ndani hakikujui."

Nikamwambia ndicho ninachotaka. Angalau hakidanganyi.

Halafu nikarudi ukutani, nikazima injini. Njoro akauliza, "Sasa tunangoja nani?"

Baba, dereva alisimama pale pale. Alinipigia simu: "Madam, niko kwa ukuta, sioni njia." Nikamwambia afuate ramani. Mimi. Nilimwambia mara mbili.

Unajua sisi wa huku hatumwachi mgeni aje mwenyewe. Lazima mtu aende kumchukua steji ya matatu, hata kama mgeni ni fundi wa choo. Abdul, jirani yetu, alikuwa ameshavaa viatu aende. Nikamwambia, "Kaa tu, nimetuma lokesheni." Nimekuwa nikijiambia nilitaka abaki amsaidie Mama kukushika. Si kweli. Nilitaka ionekane kwamba nyumba hii ina mtu aliyesoma. Ulikuwa ukihema vibaya, Baba, na mimi nilikuwa nikijionyesha kwa Abdul.

Dereva hakuzembea. Alienda nilipomtuma.

Jioni nilimwambia Mama yote, akiwa anakata sukuma wiki. Hakuacha kukata.

"Abdul aliniambia siku ya mazishi," akasema.

Nikamuuliza kwa nini basi alimlaani yule mtu mbele ya wageni wote, na kwa nini aliniacha niandike.

"Ulitaka nimlaani nani? Wewe? Na nalala nyumba moja na wewe?"

"Mama, ana watoto."

"Hata mimi. Jumatatu nitatia sahihi, na wewe utatia."

Tukala. Aliniwekea nyama nyingi kuliko yake, na hilo liliniuma kuliko maneno.

Sitatia sahihi, Baba. Nimeandika barua nyingine, ukurasa mmoja: nani alipiga simu, nani alituma lokesheni, nani alimzuia jirani kwenda steji. Jina langu liko chini, na nambari ya kitambulisho. Nitaipeleka hata kama Mama atakaa mwaka bila kunisemesha. Siwezi kukuahidi kuwa nitarudi nikiwa na amani. Nakuahidi barua tu.

Kwaheri, Baba. Uliniachia gari, njia hukunifundisha hata moja, na kwa hilo pia bado nimekukasirikia.

Nimezima taa saa nne na robo. Saa nane hii nimeiwasha tena; bado sijalala.