Nani Atambeba Mama Kirsti

Kizuka, 9 Machi 2025

Mwanangu Elda,

Amahoro ya Bwana yawe nawe huko Buyenzi. Mgongo wako umepoa, au bado cherehani inakutesa? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haupo mahali pake.

Mama Kirsti wetu wa misheni ameanguka. Aliteleza kwenye ngazi ya jiko lake siku ya mvua, nyonga ikavunjika. Nilimkuta kwenye tope, kuku wakimzunguka. Mimi na jirani Lameki tulimvuta ndani kwa mkeka. Muuguzi anasema bila kupasuliwa Rumonge atakufa. Gari la wagonjwa halina esansi, na hata lingekuwa nayo, daraja la huku chini limekwenda na maji.

Nikaenda kwa Wenceslaus, mkubwa wa ingobyi, kile chama cha kubeba wagonjwa kwa machela, yule shemasi wetu anayeombea chakula mpaka kinapoa. Wewe ulibebwa na ingobyi hiyo ulipougua malaria, wanaume wakikupokezana mabegani mpaka kwenye lami. Unajua pia sheria yao: nyumba isiyotoa mbebaji haibebwi. Baba yako alipokufa walisema mjane alete chai ya wabebaji njia panda, na nyumba yetu ikabaki ndani ya chama. Basi nikamsihi ambebe Mama Kirsti.

Akanijibu, "Mama Elda, muzungu hana shida ya ingobyi. Wenzake wataleta gari, hata ndege. Na nyumba yake haijaingia kwetu hata siku moja. Nikivunja sheria leo, kesho nani atatoka kubeba?"

Leo kanisani huyo huyo ametugawia mkate mmoja. Niliumeza ukanikwama.

Ulikuwa mdogo tulipovuka kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa. Jumapili ya kwanza hakuna aliyetupa nafasi kwenye benchi. Sisi Wabembe walituona watu wa vurugu. Aliyesogea ni Mama Kirsti. Alikupakata mpaka mwisho wa ibada, nawe ukamkojolea.

Nakuomba uwatafute watu wake huko mjini. Ana homa, na kidonda cha mgongoni kimeanza kunuka. Sina mwingine wa kumlilia ila wewe na Mungu, na Mungu naona anajikausha.

Barua hii nampa Hamidou, maana simu hazishiki huku tangu mvua zianze. Atafika basi lake likipata mafuta.

Mama yako,
Bora

Buyenzi, 15 Machi 2025

Mama mpenzi,

Amahoro. Mgongo wangu usikusumbue. Barua imenifikia jana tu, Hamidou alikwama kwenye foleni ya esansi.

Leo nimezunguka mpaka viatu vimefunguka. Ofisi ya misheni yao ilifungwa zamani, sasa pale ni duka la dawa. Nikampata mzee mmoja aliyekuwa karani wao. Akasema wazungu walipoondoka, Mama Kirsti alikatiwa tiketi akaikataa. Walimwandikia mara ya mwisho kwamba hawana tena la kumfanyia. Kisha akaniambia, "Yule si wetu tena, mutoto wangu. Ni wa huko kwenu."

Ni wa huko, Mama. Mpelekee Wenceslaus neno hilo, ila tafadhali usimpige, ni shemasi.

Na kuna mtu aliyewahi kumuuliza Mama Kirsti kwa nini hakuingia kwenye ingobyi?

Hamidou ndiye anayekuletea barua hii. Amebakiza mafuta ya kufika Rumonge na atamngoja Mama Kirsti kwenye lami Jumanne asubuhi. Nilimwambia huyu si mtu wa msikiti wenu. Akasema, "Jirani ni jirani." Sasa wa kumshusha hadi lami ni nani?

Mwanao,
Elda

Buyenzi, 23 Machi 2025

Mama,

Amahoro, kama barua hii inakukuta. Jumanne imepita, Jumapili imefika, na Hamidou hajaonekana. Simu yako bado haiiti. Naogopa hata kuuliza. Niandikie maneno mawili tu.

Elda wako

Kizuka, 30 Machi 2025

Mwanangu,

Amahoro. Nisamehe, mkono ulikataa kuandika.

Nilimuuliza Mama Kirsti kama ulivyosema. Akageukia ukuta, akasema, "Walipita mulangoni kwangu na ingobyi, nikasimama, nikangoja waniite. Hawakuniita. Kujiingiza mwenyewe niliona haya."

Nilikimbia kwa Wenceslaus, nikamwambia hilo, na lile la karani. Akakaa chini. "Tuliogopa kumualika," akasema. "Angeona tunamuomba mali." Miaka yote hiyo, Elda, wao wakimwonea haya yeye, na yeye akiwaonea haya wao.

Nilingoja anyanyuke, hakunyanyuka. Basi nikachukua ingobyi kwenye ukuta wake. Niyonkuru wa kwaya na akina mama wengine wawili wakanifuata. Mwanamke habebi ingobyi, unajua. Jumanne ile tulibeba. Kwenye maji, pale lilipokuwa daraja, Niyonkuru aliteleza, nikajua tunamwangusha. Ndipo bega likaingia chini ya mti wangu wa ingobyi. Nikatazama, ni Wenceslaus, ametapakaa tope mpaka kiunoni. Wanaume wengine wakaja kutoka kwenye michikichi, wakatupokea mmoja mmoja.

Hamidou alikuwapo. Alitufikisha Rumonge, mafuta yakamwishia mlangoni pa hospitali, akabaki huko na basi lake. Daktari alisema tumechelewa, uchafu umeingia kwenye damu.

Wenceslaus alikuja kusimama kando ya kitanda, kofia mkononi, akamwomba aingie kwenye ingobyi. Mama Kirsti akauliza, "Mimi nitabeba nini?" Akamjibu, "Chai, kama Mama Elda." Alicheka mpaka akaumia. Kisha akaniambia nichukue birika lake na nitie tangawizi, maana chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Alhamisi ya wiki ile alifariki nimemshika mkono. Tumemzika karibu na baba yako. Nimelia mpaka nimechoka, na nina hasira ambayo sijui nimpe nani.

Jana ingobyi ilishuka na mke wa Lameki, uchungu umemkaza. Nilisimama njia panda na mabirika mawili. Wakanywa langu. Wenceslaus akatazama lile la pili, akauliza ni la nyumba gani.

Nikasema, "Ya Mama Kirsti."

Akanyoosha kikombe. Wakanywa likaisha, wakamnyanyua mgonjwa, wakaendelea kushuka.

Mama yako,
Bora