Tunakula, Usiache Chuo

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Na kile kikohozi, kimekuacha? Sisi hatujambo. Mama mzima, presha imetulia, na wapwa zako mapacha wanarefuka mpaka suruali zao zimegeuka kaptura.

Shangazi kaniambia umesikia habari za kiwanda, na sasa unataka kuacha chuo utafute kibarua ututumie hela. Moyo ulinipasuka. Kabla hujamwona mkuu wa chuo, kaa chini unisome mpaka mwisho.

Ni kweli, kiwanda cha vitanda kimefungwa. Shemeji yako alirudi mchana mmoja na mfuko wa vifaa vyake vya kuchomelea, akakaa kizingitini bila kuvua viatu. Akasema tu, "Wametutoa wote. Hawajui watafungua lini."

Unajua alivyokuwa akinitania. Tangu mwaka jana, kila nikienda sokoni naongeza kidogo: leo maharage, kesho mchele, unga, chumvi, mafuta. Maharage nayaanika, nayachambua, nayafunga kwenye ndoo zenye mifuniko, kisha nazisukuma uvunguni. Akijikwaa ananiuliza, "Mke wangu, hapa tunalala au tunafungua duka?" Na vile vihela ulivyokuwa ukibana kwenye posho yako na kututumia sikuvigusa; nilivitia kwenye kibubu, viwe vya ugonjwa.

Basi siku ile nikavuta ndoo moja baada ya nyingine mpaka sakafu ikajaa. Akatazama weee, akauliza taratibu, "Zote hizi zetu?"

"Duka limefunguliwa," nikamwambia. "Karibu, mteja."

Akacheka huku machozi yanamtoka. Sijawahi kumwona hivyo.

Sasa, chumba cha pili anakaa fundi cherehani, na mumewe alikuwa kiwanda hichohicho. Baada ya muda tukaanza kuwasikia watoto wao wakilia njaa. Mama akaninong'oneza, "Tukiwapa, ndoo zitatuishia mapema." Sikumlaumu, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kuzihesabu. Shemeji yako akanyanyua ndoo ya maharage na ya unga. "Ziishe tukiwa wote, mama," akasema, akatoka.

Mara mama akapaza sauti: "Wewe, rudi uchukue na mafuta! Unataka wale chukuchuku?"

Tangu hapo jiko limekuwa moja. Wanaume wale wawili wanatengeneza mageti na madirisha hapa uani. Kazi si nyingi, ila zinakuja. Dawa za mama zimetoka kwenye kibubu, hatujampigia mtu hodi kukopa. Ndoo kadhaa zilibaki tupu, na jana shemeji yako mwenyewe ndiye aliyekwenda kununua mchele. Leo ananifundisha mimi kuanika maharage! Nimemwacha tu.

Kwa hiyo tulia usome. Mwezi huu usitutumie kitu. Jiwekee na wewe chakula kidogo kabatini, na hela ya kukufaa ukiugua, maana huko uko peke yako na mimi siko chumba cha pili. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, mdogo wangu, wala si kiwanda.

Mama anakusalimu, anataka picha yako ukiwa umeshiba. Shemeji, shangazi, mapacha na jirani zetu wote wanakusalimu. Mungu akutangulie kila mlango unaoingia.

Dada yako akupendaye sana,
Mama Mapacha